Alimcheka mumewe kwa usukani wa pembe, leo ndio unaomfikisha

Jua halijapanda vizuri. Muuguzi wa zahanati ya juu kilimani anatoka mlangoni ameshika kisanduku cha baridi kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.

"Leo kuna damu ya kichanga humu, mama," anasema. "Usinirushie."

"Lini nimekurushia?"

"Si wewe. Ni hayo mawe yako."

Mwanamke anayeambiwa hayo ana umri wa miaka hamsini na miwili. Amevaa koti la mvua lililokunjwa mikono, na raba ambazo kamba zake hazifanani. Anakilaza kisanduku kwenye keria ya baiskeli, anakifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, kisha anakisukuma kwa kiganja. Hakichezi. Anapanda.

Kazi yake ni kubeba sampuli za wagonjwa kutoka zahanati za mlimani kupeleka maabara ya hospitali mjini. Gari la hospitali huishia lami inapoishia. Pikipiki hupita kiangazi, lakini mvua zikianza wenye pikipiki hugoma, kwa sababu njia hugeuka utelezi upande huu na mawe upande ule. Baiskeli hupita mwaka mzima. Ni kilomita kumi na nane kushuka na nyingine kama hizo kupanda, na analipwa kwa safari. Mvua ikimlaza nyumbani, hiyo siku ni ya bure.

Watu wanamwita Mama Pembe. Jina hilo limetokana na usukani.

Si usukani ulionyooka kama wa baiskeli za mizigo, wala ule unaorudi nyuma kumfuata mwendeshaji. Ni wa baiskeli za mashindano. Unatoka mbele, kisha unajikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Umefungwa kwenye fremu nzito ya chuma yenye matairi mapana. Anayeuona mara ya kwanza hudhani fundi alikosea.

Pale njia inapoanza kuinama, wanaume wawili wanapakia kokoto kwenye mkokoteni. Wanamjua, na yeye anawajua.

"Mama, huyo kondoo hujamchinja tu?"

"Siku nikimchinja nitakuita ushike miguu."

"Na supu je?"

"Supu utaisikia harufu."

Wanacheka. Yeye hageuki. Mikono yake imeshahama kutoka juu ya usukani na kushuka ndani ya mkunjo wa pembe, vidole viwili kila upande vikiwa kwenye breki. Kifua kimekaribia usukani, viwiko vimelegea. Mawe yanaipiga baiskeli, baiskeli inaruka, lakini mikono haiachii. Katika kona ya tatu, ambapo maji yamekula njia hadi kubaki upana wa mlango, anapita bila kukanyaga chini.

"Hapo ndipo nilipoanguka," anasema baadaye, akiwa amesimama mtoni anakunywa maji. "Siku ambayo nilijifanya najua kuliko yeye."

Yeye anayemtaja ni mumewe, ambaye alifanya kazi hii kabla yake na alifariki miaka sita iliyopita.

Usukani ule mumewe aliutoa kwenye lundo la vyuma la fundi wa baiskeli ambaye watu wote wanamwita Spoki. Kibanda cha Spoki kipo nyuma ya stoo ya mbao. Ukutani kumening'inia magurudumu, na chini kuna bakuli la mafuta taa ambamo minyororo inalowekwa kama nguo. Spoki anakumbuka siku ile.

"Kila anayepata usukani wa aina hii ananiambia niugeuze," anasema. "Nizielekeze pembe juu, kama za ng'ombe, ili akae wima kama bwana mkubwa. Halafu breki zinaangalia mawinguni. Ukitaka kusimama, labda uombe mvua. Yule mzee peke yake aliniambia, 'Uache ulivyo. Aliyeukunja hakuwa mjinga.'"

Mumewe alikuwa na sababu zake, na alizieleza kwa yeyote aliyekuwa na muda. Safari ni ndefu, na mkono ukishika mahali pamoja tangu asubuhi unakufa ganzi. Pembe zinatoa mahali pa juu pa kushika wakati wa kupanda, mahali pa mbele kwenye tambarare, na mahali pa chini kwenye mteremko. "Mkono ukichoka unahama nyumba," alikuwa akisema.

Kuhusu mteremko alikuwa na neno moja, na majirani walilijua kama wimbo: anayeshika juu hurushwa, anayeshika chini hukaa.

Mkewe hakuwa na muda wa kusikiliza.

"Nilimwambia anaonekana kama mtu aliyedondosha sindano barabarani," anasema. "Wageni wakija ninainama hivi, natoa shingo kama kobe, naigiza. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na yeye anacheka. Nilidhani anacheka."

Mara kadhaa mumewe alimwomba aijaribu baiskeli, angalau kwenye uwanja wa shule. Njoo ushike chini mara moja tu, alimwambia. Uone.

"Nikamjibu nina vyombo. Kila mara, nina vyombo." Anafunga kifuniko cha chupa ya maji taratibu. "Vyombo vyenyewe bado vipo."

Mumewe alianza kukohoa mwishoni mwa msimu wa mvua na hakuacha. Alipoambiwa atoe sampuli, aliitoa kule kule kilimani na kuishusha mwenyewe, kwenye kisanduku hichohicho, pamoja na za watu wengine. Muuguzi anasema hata siku ile alikifunga kisanduku na kukijaribu kwa kiganja, kama kawaida.

Baada ya mazishi, hospitali iliuliza kama kuna mtu wa familia anayeijua njia. Watoto walikuwa na kazi zao mbali. Mama akasema yeye anaijua. Alikuwa akiijua kwa miguu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa Spoki na kumwambia aondoe zile pembe, aweke usukani ulionyooka kama wa watu wenye akili timamu. Spoki akafanya alivyoambiwa.

Mwezi haukuisha. Katika kona ya tatu jiwe lilipiga gurudumu la mbele, mkono wa kulia ukaruka kutoka kwenye usukani, na yeye, baiskeli na kisanduku wakaenda kila mmoja upande wake. Goti lilichanika. Hilo halimuumi tena. Kilichomuuma ni chupa za sampuli.

"Zilivunjika karibu zote. Muuguzi ikabidi awaite watu warudi kuchomwa upya. Mama mmoja alimleta mtoto wake, mtoto ameuona mlango tu ameanza kulia. Yule mama hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru."

Alirudi kwa Spoki akichechemea. Usukani wa pembe ulikuwa ukutani, na utepe mweusi uliofungwa na mumewe bado uko juu yake.

"Sikumsimanga," anasema Spoki. "Nilimwambia tu, kaa hapo kwenye ndoo, nakuwekea."

Ule utepe ulikuwa umechakaa, lakini Mama Pembe alikataa utolewe. Alizungusha wake juu ya ule wa zamani. Tangu hapo, kila utepe ulipochakaa aliuvua wake tu. Wa chini hakuugusa. "Mkono wangu juu, wa kwake chini," anaeleza. "Nilitaka ubaki hivyo."

Siku ya kwanza alipoteremka akiwa ameshika chini, alifika mtoni bila kujua amefikaje. Akasimama, akasema kwa sauti, "Kumbe."

"Hapakuwa na mtu wa kumwambia," anasema. "Neno lenyewe lilikuwa la kuambiwa yeye. Nilikuwa nimechelewa kulileta."

Hata hivyo, kuna jambo jingine alilochelewa, na hilo lilijulikana mwezi uliopita tu.

Nyumba yake inapakana ukuta na ya fundi cherehani. Wanawake hawa wawili walihamia mtaa ule wiki moja, wakiwa na watoto wadogo na masufuria machache. Watoto wa huyu walikula kwa yule, na wa yule wakalala kwa huyu. Watu waliwaita mapacha. Wenyewe waliitana pacha, mchana kutwa, kupitia juu ya ukuta: pacha, una chumvi? Pacha, mtoto wako yuko juu ya bati!

Fundi cherehani alimshonea mwenzake gauni la kijani lenye vidoto vyeupe. Mama Pembe anasema hakuwahi kuwa na nguo iliyomkaa vile. Siku moja, miaka minane iliyopita, alilifua na kulianika. Jioni halikuwepo kwenye kamba.

Siku mbili baadaye, fundi cherehani akaonekana kibarazani kwake amefunga kilemba cha kijani chenye vidoto vyeupe.

Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa wateja. Mama Pembe akasimama mlangoni. "Kilemba kimekupendeza, pacha," akasema. "Na gauni limebaki kiasi gani?"

Fundi cherehani alijibu kwamba yale ni mabaki ya kitambaa, yaliyobaki siku aliyolikata gauni, na kwamba mwenyewe alimwambia ayachukue. Mama Pembe hakukumbuka kusema hivyo. Aliondoka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Hata alipoanza kuendesha baiskeli na kupita mbele ya kile kibaraza kila asubuhi, hakusalimu.

"Nilimpigia kengele," anasema. "Kama ninavyowapigia kuku wasikae njiani."

Mumewe, enzi za uhai wake, alijaribu kuwapatanisha. Msamehe mwenzio, mama, alikuwa akisema. Gauni ni kitambaa tu. Mkewe alimjibu kwamba mwanamume hawezi kuujua uchungu wa nguo.

Mwezi uliopita usukani ulianza kulia. Ni sauti ndogo, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wengine, na ilisikika kila aliposhika chini. Alimpelekea Spoki. Spoki aliukandamiza, akatega sikio, akatikisa kichwa.

"Hii ni alumini, mama. Chuma kinapinda kwanza, kinakuonya. Alumini haina adabu hiyo. Lazima tuvue utepe tuone."

"Wa juu tu."

"Wote."

"Basi acha. Nitaenda nao hivyohivyo."

"Ukikatika kwenye mteremko utashika nini? Hiyo chini unayoishika haitakuwepo!"

Walivutana mpaka mteja mwingine aliyekuja kujaza upepo akaamua kujaza mwenyewe. Mwisho Mama Pembe akakaa kwenye ndoo, akaipakata baiskeli upande wa mbele, na kuanza kuvua kwa mkono wake. Kwanza utepe wake. Kisha utepe mweusi wa mumewe, ambao ulikuwa umegandamana na kutoka vipandevipande kama ganda la mti.

Chini ya huo kulikuwa na kitambaa.

Kilikuwa kimechanwa mistari myembamba na kuzungushwa kwa uangalifu, tabaka juu ya tabaka, kuanzia mkunjo hadi ncha. Kwa nje kilikuwa cha rangi ya jasho. Alipofungua tabaka la ndani, kilikuwa kijani chenye vidoto vyeupe.

"Mimi nikacheka," anasema Spoki. "Nikasema, mzee alikuwa na akili, pembe amezitandikia godoro! Kisha nikamwangalia mama usoni. Nikaenda nje."

Ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele, karibu na shingo ya usukani. Mama Pembe hakuuangalia. Alibaki na ule mstari wa kitambaa mapajani, akikumbuka beseni la matambara lililokuwa likikaa chini ya kamba ya kuanikia, ambalo mumewe alilitumia kufutia mnyororo.

Hajui ilivyokuwa. Huenda gauni lilidondoka likaangukia ndani ya beseni. Huenda mumewe alilichukua alfajiri, kiza bado kipo, akadhani ni tambara, akalichana na kulifunga ili mikono isife ganzi kwenye mawe. Huenda alipojua, alikuta moto umeshawaka na wateja wameshasikia.

"Lakini alijua," anasema. "Ndiyo maana kila siku alinibembeleza nimsamehe jirani. Alikuwa anajiombea mwenyewe."

Anainama kukaza kamba ya raba.

"Mume wangu hakuogopa mteremko wowote. Aliniogopa mimi. Miaka miwili tulilala kitanda kimoja, na hilo neno likawa zito mno kwake kulisema. Sasa najiuliza, nilikuwa mtu wa namna gani mle ndani?"

Aliikunja mistari ile, akaitia kwenye mfuko na kwenda kwa jirani. Fundi cherehani, ambaye naye ana mvi sasa, anasimulia mwenyewe huku akiendelea kukanyaga pedali ya cherehani yake.

"Nasikia hodi. Natazama, yuko mlangoni kama mteja. Nikamuuliza, unashona au unakarabati? Akasema, nimeleta gauni."

Alichukua mstari mmoja, akaugeuza, akapitisha ukucha pembeni mwake.

"Nikaujua upindo wangu. Mimi upindo naupiga mara mbili, sikuachii nyuzi. Nikamuuliza, lilikuwa wapi? Akasema, kwenye pembe. Pembe ya wapi? Akasema, ya baiskeli. Sikujua nicheke au nimchape na futi."

Mama Pembe aliomba radhi palepale. Mwenzake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia maneno ambayo wote wawili wanayarudia kwa namna ileile.

"Uliniita mwizi mbele za watu. Unaniomba radhi mbele ya cherehani?"

Si kwamba alitaka kumdhalilisha, anaeleza. Ni kwamba fundi cherehani anaishi kwa kukabidhiwa vitambaa vya watu. Baada ya maneno yale ya mlangoni, wateja kadhaa walihama. Wengine walibaki lakini wakaanza kupima kitambaa nyumbani kabla ya kukileta, na kupima tena wakishachukua nguo.

"Mteja hakwambii sababu," anasema. "Anakusalimia vizuri tu na kupita na mfuko wake kwenda kwa mwingine. Nilizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ile kengele."

Jumamosi iliyofuata, chumba kilipokuwa kimejaa watu waliokuja kuchukua nguo, Mama Pembe alirudi. Safari hii hakusimama mlangoni. Aliingia hadi katikati, akainua ule mfuko, akasema gauni lake halikuibwa, lilichukuliwa na mumewe kwa kutojua, na kwamba yeye ndiye aliyemwibia mwenzake jina. Wapo waliokuwa watoto wakati ule na hawakuelewa anazungumzia nini. Wapo walioelewa na kuangalia chini. Mama mmoja mnene aliyekuwa akijaribu sketi alisema, "Yesu wangu, kumbe ni hilo gauni!" na akasahau kufunga zipu.

Fundi cherehani hakumkumbatia. Alingoja amalize. Kisha akasema, "Leo umeshika chini, jirani."

Alilisema bila kejeli. Alikuwa amelisikia neno hilo juu ya ukuta kwa miaka, likitoka kwa mtu ambaye wote wawili wamemzika.

Kisha akanyoosha mkono. "Lete hivyo vitambaa."

Spoki alipata usukani mwingine wa pembe kutoka kwa fundi mwenzake wa mjini. Kwa siku zile za kungoja, Mama Pembe aliteremka kwa miguu akiikokota baiskeli, na maabara wakawa wanamlalamikia kwa kuchelewa. Usukani ulipofika, fundi cherehani alikuwa ameiunganisha mistari ya gauni kuwa miwili mirefu, kila mmoja kwa pembe yake. Kitambaa hakikutosha, kwa sababu sehemu ya kando ilikuwa imeoza kwa jasho. Alipopungukiwa, alifungua kabati na kutoa kile kilemba, ambacho hakukifunga tena tangu siku ile. Akakikata na kukiongezea.

Usukani wa zamani, wenye ufa, umetundikwa ukutani juu ya vyombo jikoni kwa Mama Pembe. Mahali mumewe alipokuwa akishika, kabla hajaufunga kitambaa, pamelika na kung'aa.

Chai bado hawajanywa pamoja. Mama Pembe alimkaribisha, na mwenzake akasema atakuja. Hajaja. "Nitakwenda," anasema fundi cherehani, akikata uzi kwa meno. "Miaka minane haiishi kwa birika moja."

Asubuhi hizi, akifika mbele ya kile kibaraza, Mama Pembe hapigi kengele. Anashuka, anaikokota baiskeli mpaka apite, anasalimu. Anajibiwa vizuri. Safari njema, jirani, anaambiwa.

Ukimuuliza anatarajia nini mbele, haongelei mshahara wala pikipiki. Anatazama mikono yake, ambayo imekomaa kwenye viganja mahali palepale ilipokomaa ya mumewe.

"Yule wa kwangu nimeshamkosa, hilo siwezi kulirudisha," anasema. "Lakini huyu yupo, ukuta tu katikati. Nataka siku moja nikipita aniite pacha. Hata kama ni kunitukana. Aseme, pacha, toa baiskeli yako mlangoni kwangu. Nitaitoa."

Anavuta vipande vya tyubu, anakijaribu kisanduku kwa kiganja, na kupanda.